MTU AKISHA KUACHA KAZI: SOMO KUTOKA MTAA WA JERICHO, NAIROBI

Mtu aliye kazini hana haja ya kujiuliza atafanya nini kesho. King'ora cha kiwanda, saa ya ofisi au zamu ya gari moshi humwambia wakati wa kuamka, wakati wa kula na wakati wa kurudi nyumbani. Siku atakapoacha kazi kwa sababu ya umri, amri hizo zote hukoma kwa mara moja. Hupewa mkono wa kwaheri, pengine na saa ya ukutani, na kuanzia asubuhi ya pili yake huwa na saa nyingi zisizo na bwana. Wako wanaozitumia saa hizo vizuri, wakaishi miaka mingi kwa heshima na furaha. Na wako zinaowashinda, wakadhoofika upesi mwili na moyo. Tofauti hiyo haitokani na fedha peke yake. Somo hili laeleza jinsi wastaafu wa mtaa wa Jericho wanavyotumia nafasi yao ya kila siku, na mambo ambayo mtu aliye bado kazini aweza kujifunza kwao.

MTAA NA WATU WAKE

Jericho ni mmoja wa mitaa ya mashariki ya Nairobi, karibu na Barabara ya Jogoo, ambayo zamani iliitwa Doonholm. Majirani zake ni Jerusalem, Lumumba, Maringo na Uhuru. Katika Maandiko, kutoka Yerusalemu hadi Yeriko ilikuwa safari ya hatari. Nairobi ni mwendo wa mzee mwenye fimbo. Nyumba za Jericho zilijengwa na Halmashauri ya Jiji katika miaka iliyokaribiana na Uhuru, nao wapangaji wake wengi walikuwa makarani, walimu, wafanyakazi wa reli na posta, na mafundi wa viwandani.

Ili kufahamu jambo la kustaafu katika mtaa huu, yapasa kukumbuka kwamba mji wa Nairobi haukujengwa kwa ajili ya wazee. Katika siku za ukoloni Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni mjini. Alipewa kitanda au chumba kidogo kana kwamba hana mke wala watoto, na ilidhaniwa kwamba nguvu zikimwisha atarudi kwao akalishwe na shamba. Mwaka 1954 Kamati iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilishauri kwamba mfanyakazi alipwe mshahara wa kumtosha yeye na jamaa yake, ili akae mjini kwa utulivu. Mitaa ya nyumba za jamaa, kama Jericho, ni tunda la mawazo ya namna hiyo. Basi watu waliohamia humo wakiwa vijana walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza waliopata nafasi ya kuzeeka mjini pamoja na majirani zao. Hawakuwa na wazee wa mjini waliowatangulia wa kuwaonyesha jinsi ya kuishi. Iliwapasa kubuni desturi zao wenyewe.

Tena si wote walioacha kazi kwa wakati waliouchagua. Wengine waliondolewa Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977. Wengine katika upunguzaji wa watumishi wa Serikali ulioanza mwaka 1993. Na wengine reli ya Kenya ilipokabidhiwa kampuni ya kukodi mwaka 2006. Kwa watumishi wa Serikali, umri wa kustaafu ulikuwa miaka 55 mpaka mwaka 2009, ulipoongezwa ukawa miaka 60.

SAA ZA ASUBUHI

Wastaafu wengi wa mtaa huamka mapema kama walivyozoea, maana mazoea ya miaka 30 hayaachi mwili kwa siku moja. Aliye na busara hauzuii mwili wake kuamka, bali huupa kazi ndogo: kufagia uwanja, kumwagilia sukuma wiki na vitunguu katika kipande cha bustani kando ya nyumba, au kumsindikiza mjukuu shuleni. Baada ya hapo hutembea. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa shauri mwaka 2020 kwamba mtu wa miaka 65 na zaidi, kila wiki, autumikishe mwili kwa dakika 150 hata 300, kwa mwendo wa kiasi, tena afanye mazoezi ya kumsaidia asiyumbe kwa siku 3 au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa tu kwa siku 5. Mzee aendaye sokoni Jericho kwa miguu na kurudi na mfuko wa mboga amekwisha kulipa sehemu ya deni hilo, bila kununua kitu chochote cha mazoezi.

Asubuhi ndiyo saa ya gazeti pia. Mara nyingi gazeti moja husomwa na watu wengi: mmoja hulinunua, naye mwenzake husoma kwa sauti kwa ajili ya wale ambao macho yao yamepungua nguvu. Redio nayo haijatupwa. Wengi huitegea kwa habari, kwa salamu na kwa matangazo ya vifo, maana kwa watu wa umri huo kujua ni nani aliyefariki ni wajibu wa urafiki.

KIVULINI MCHANA

Jua likipanda, wanaume hukusanyika kivulini kucheza drafti. Ubao wake una vyumba 64, na kila mchezaji huanza na kete 12. Jericho, kama katika mitaa mingine ya Nairobi, kete hizo mara nyingi ni vizibo vya chupa za soda. Mmoja huvifudikiza, mwenzake huviacha vikitazama juu, na hivyo kila mtu hutambua vyake. Mchezaji aliye na nafasi ya kula hana budi kula, na hapo ndipo mtego ulipo: mjuzi humtolea mwenzake kete moja ili amle mbili. Watu wa pwani wana bao, lenye mashimo 32 na kete 64, na Wajaluo wana ajua. Lakini drafti imekuwa mchezo wa watu wa kabila zote mjini, kwa kuwa hauna mwenyewe.

Mpita njia aweza kudhani kwamba wazee hao wanapoteza wakati. Sivyo. Kwanza, mchezo huo hufanyisha akili hesabu. Pili, hauna gharama. Tatu, na hili ndilo kubwa, kila mchezaji ana mahali pake, naye asipoonekana kwa siku mbili wenzake huuliza habari zake. Mzee akaaye peke yake aweza kuanguka nyumbani na asijulikane. Lakini yule anayengojewa kwenye ubao atatafutwa. Kwa hiyo kivuli cha drafti ni kama ofisi ya ustawi isiyo na karani.

Jioni baadhi yao huenda Camp Toyoyo kutazama vijana wakicheza mpira. Huko mabishano hayakosekani, hasa kuhusu Gor Mahia ya mwaka 1987, iliyolitwaa Kombe la Washindi la Afrika. Vijana huwacheka wazee kwa kuisifu timu hiyo kila siku, lakini huwasikiliza. Na mzee anayesikilizwa hajioni kuwa mzigo.

WANAWAKE NA KUSTAAFU

Kwa wanawake wengi wa mtaa neno la kustaafu lina maana nyingine. Wako waliokuwa wauguzi na walimu, nao wana pensheni zao. Lakini mwanamke aliyeuza mboga au nguo kwa miaka 40 hakuwa na mwajiri wa kumwaga. Tena mume anapoacha kazi, kazi za mke huongezeka: chakula cha mchana kinatakiwa, na wajukuu huachwa mikononi mwake wazazi wao wanapokwenda kazini. Ni haki basi kuuliza kama nafasi ya mzee wa kiume kivulini haikununuliwa kwa jasho la mzee wa kike jikoni. Katika nyumba zenye mapatano mema, mume mstaafu huchota maji, huenda sokoni na kuwalea wajukuu kwa zamu, wala heshima yake haipungui.

Mapumziko ya wanawake zaidi ni ya vikundi: sala za jumuiya, vyama vya akina mama vya makanisa, kufuma, na chama cha kuchangiana fedha. Mfano wake ni huu. Wanawake 12 wakitoa shilingi 500 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea shilingi 6,000, na kwa mwaka mmoja wote wamepata zamu. Fedha yenyewe haikuongezeka hata senti moja. Lakini mtu amepata kwa mara moja kiasi ambacho peke yake asingeweza kukiweka, na amekutana na rafiki zake mara 12.

HATARI TATU

Ya kwanza ni fedha za mkupuo. Mtumishi wa Serikali huweza kupokea robo ya pensheni yake kwa mara moja kama kiinua mgongo, na sehemu inayobaki akalipwa kila mwezi. Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, iliyoanzishwa mwaka 1965, kwa miaka mingi ilimlipa mwanachama akiba yake yote kwa pamoja. Mtu ambaye hajapata kushika fedha nyingi huzungukwa siku hiyo na ndugu, na wauzaji wa viwanja, na washauri wa biashara asizozijua. Aliyetahadhari hukaa miezi kadhaa bila kuanza jambo jipya.

Ya pili ni pombe. Mtu aliyekuwa akinywa siku ya mshahara tu hujikuta kila siku ni Jumamosi. Ya tatu ni haya. Wako wastaafu wanaojificha nyumbani kwa kuwa hawana tena cheo, wala hawataki kuonekana wamevaa koti la zamani. Huyu huhitaji kualikwa na majirani zaidi ya kuhurumiwa.

KURUDI KIJIJINI AU KUBAKI

Wengi huulizwa na jamaa, "Mbona hurudi nyumbani?" Swali hili halina jibu moja. Aliyejenga kijijini, akatunza shamba na kuhudhuria mazishi ya watu wa kwao, huenda kwa watu wanaomjua. Lakini aliyekaa mjini miaka 40 bila kufanya hayo huenda kwa wageni, na rafiki zake wote wamebaki Jericho. Yafaa mtu ajijaribu kwanza kwa kukaa kijijini miezi michache kabla ya kurudisha ufunguo wa nyumba.

Wanaobaki wana jambo jingine la kuangalia. Nyumba za mtaa ni za kupanga, chini ya Serikali ya Kaunti ya Nairobi, nayo Jericho imetajwa miongoni mwa mitaa ya zamani inayokusudiwa kujengwa upya kwa maghorofa. Nyumba hizo zimechakaa, na mji una watu wengi wasio na makao. Hakuna awezaye kukana hayo. Lakini mpimaji wa ramani huhesabu vyumba, wala hahesabu vivuli. Mzee wa miaka 75 akipewa chumba kizuri ghorofa ya nane, mbali na wenzake, amepata nyumba na amepoteza mtaa. Kwa hiyo wakazi wanapoitwa mikutanoni kutoa maoni, wazee wasikae kimya. Waombe mambo yanayosemeka na kupimika: vyumba vya chini kwa wasioweza kupanda ngazi, mabenchi chini ya miti, ukumbi wa mikutano, na majirani wa zamani wawekwe pamoja.

Kuomba hayo si kuomba sadaka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila kuonewa, na kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zao na Serikali. Chini ya mpango wa Inua Jamii, wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni wamekuwa wakiandikishwa ili wapewe shilingi 2,000 kwa mwezi. Tena wapenda kusoma wana maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya Maktaba ya McMillan iliyofunguliwa mwaka 1931. Zamani ilikuwa ya Wazungu tu, lakini sasa hakuna aulizwaye rangi wala umri mlangoni.

MASHAURI KWA ALIYE BADO KAZINI

Mtu asingoje siku ya mwisho. Miaka mitano kabla ya kustaafu, aanze mambo manne: awe na rafiki ambao si wa kazini, ajifunze kazi ndogo ya mikono au mchezo, apatane na mkewe au mumewe jinsi siku itakavyogawanywa, na aandike mahali fedha zake zilipo, ili jamaa wasihangaike. Penye wazee, wasema wahenga, haliharibiki neno. Lakini lazima pawepo mahali pa wazee hao kukaa.

MASWALI YA KUZUNGUMZWA

1. Je, katika mtaa au kijiji chenu, mstaafu asipoonekana kwa siku mbili, ni nani atakayemwulizia?
2. Mume akisha kustaafu, ni kazi zipi za nyumbani zinazompasa? Toeni sababu.
3. Mtaa ukijengwa upya, ni vitu gani vya zamani vinavyostahili kuhifadhiwa, na ni nani apelekewe maombi hayo?