Tuyajue Maneno ya Chuo Kikuu Kabla ya Kufika Chuoni

Kwetu ni Airport, mahali ambapo mtu akizungumza hulazimika kunyamaza kidogo ndege ipite, ndipo amalizie maneno yake. Sisi tumezoea kuona watu wakipita juu ya mapaa yetu kwenda mbali. Labda ndiyo sababu wengi wetu tunafikiri chuo kikuu nacho ni safari ya watu wengine. Kumbe Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko pale Tudor, mwendo wa matatu mbili tu kutoka nyumbani!

Somo langu la mwaka huu lilianzia kwa kaka yangu. Alipofanya mtihani wa KCSE alipata C. Majirani wakasema ameanguka, naye akaamini. Alikaa mwaka mzima akifanya kibarua cha kupakia magunia huko Magongo. Siku moja mzee mmoja wa mtaani kwetu akamwuliza, "Mwanangu, mbona hujaomba nafasi ya stashahada?" Kaka akajibu, "Stashahada ndiyo nini, mzee?" Basi mzee akamweleza. Leo kaka yuko mwaka wa pili wa masomo yake. Lakini ule mwaka mmoja ulipotea, na ulipotea kwa sababu ya neno moja tu ambalo hakulijua.

Ndipo nikaona afadhali niyaandike maneno haya hapa, yasije yakatupotezea mwaka na sisi.

1. Ngazi za masomo

Ngazi ya chini ni astashahada, ambayo watu huiita cheti. Inayofuata ni stashahada, yaani diploma. Juu yake kuna shahada, ambayo ndiyo digrii ya kwanza. Baada ya shahada kuna uzamili, na kileleni kabisa kuna uzamifu, ambapo mtu huitwa daktari ingawa hadungi mtu sindano.

Hapa Kenya, anayetaka kusoma shahada anahitaji alama ya wastani ya C+ au zaidi katika KCSE. Kwa stashahada, C- inatosha. Walio chini ya hapo wana kozi za ufundi katika vyuo vya kiufundi. Tena mtu akifaulu vizuri katika stashahada anaweza kuendelea hadi shahada. Kwa hivyo ngazi hii haina mlango mmoja tu. Wako wanaoanzia chini na kufika juu, bora wasikae njiani.

Chuo cha Tudor chenyewe ni mfano mzuri. Kilianzishwa 1948 kikiitwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, kwa michango ya watu kama Sultani wa Zanzibar na Aga Khan. Mwaka 1966 kikawa Taasisi ya Kiufundi ya Mombasa, na 1972 kikawa Politekniki. Mwaka 2007 kilifanywa chuo kikuu kishiriki, na 2013 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Ndugu zetu wa Kilifi nao wana Chuo Kikuu cha Pwani, ambacho kilitokana na chuo cha kilimo, kikawa kishiriki 2007 na kikapata hati mwaka huo huo wa 2013. Ikiwa chuo chenyewe kilipanda daraja kwa daraja, mwanafunzi aone haya gani?

2. Shughuli za chuoni

Mtu akisikia chuo kikuu hufikiria vitabu peke yake. Kaka ameniambia kwamba ubao wa matangazo huko haukosi karatasi mpya. Haya ndiyo maneno utakayoyakuta katika karatasi hizo.

Mhadhara ni somo linalotolewa na mhadhiri. Ukiandikwa "mhadhara wa umma", maana yake hata asiye mwanachuo anaruhusiwa kusikiliza.

Kongamano ni mkutano wa wataalamu wanaosoma makala zao na kuulizana maswali. Sisi wapenzi wa Kiswahili tusikie vizuri hapa: kuna chama kiitwacho CHAWAKAMA, yaani Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili wa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki. Wanachama wake hukutana katika makongamano na wenzao wa nchi jirani. Yaani Kiswahili hiki tunachokichezea darasani kinaweza kumvusha mtu mpaka!

Warsha ni mkutano mdogo ambao watu hufanya kazi, wala hawakai kusikiliza tu. Inaweza kuwa warsha ya uandishi, ya kompyuta au ya kuanzisha biashara.

Maonyesho ni siku ambayo wanafunzi huonyesha vitu walivyobuni, au vyuo na kampuni hueleza kozi na kazi zao.

Mahafali ni sherehe ya kuwatunuku waliohitimu. Hapo ndipo utaona majoho, na akina mama wakipiga vigelegele mpaka sauti zikauke.

Ongeza hapo michezo, drama, midahalo, uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi, na Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo ni tarehe 7 Julai. UNESCO iliitangaza siku hiyo 2021, na ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza 2022.

3. Nafasi zilizopo

Nafasi ya kwanza ni ya pesa, maana karo ndiyo huvunja watu moyo. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliundwa 1995. Huwakopesha wanafunzi wa vyuo vikuu na pia wa vyuo vya kiufundi. Ni mkopo, si zawadi, utalipa ukimaliza. Iko pia basari ya CDF na ya kaunti, lakini fomu hazimfuati mtu nyumbani.

Nafasi ya pili ni mazoezi ya kazini, ambayo wanachuo huyaita atachimenti. Mwanafunzi hupelekwa kazini kwa muda ili ajifunze kwa vitendo. Sisi tulio baina ya uwanja wa ndege na bandari ya Kilindini tungekuwa wa kwanza kujiandaa kwa jambo hili.

4. Na sisi je?

Hapa ndipo penyewe. Mlango wa chuo kikuu haufunguliwi siku ya matokeo. Unaanza kufunguliwa tunapochagua masomo. KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi vyuoni, huangalia wastani, kisha huangalia masomo manne yanayohusiana na kozi, ambayo huitwa klasta. Anayetaka uhandisi na ameacha Fizikia, hata akipata A ya wastani, atagonga mlango uliofungwa. Mimi mwenyewe nilikaribia kuiacha Fizikia kwa sababu marafiki zangu wanaiacha. Kaka akaniambia, "Mdogo wangu, rafiki zako hawatakuombea kazi." Nikabaki nayo, ijapokuwa inanitoa jasho.

Jambo jingine: tangu KCSE ya 2023, wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Kwa hivyo anayedharau Kiswahili anajitupia mwenyewe alama zake baharini.

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kaka yangu hakuuliza, na wala hakukuwa na wa kumwambia. Wewe sasa umeambiwa. Ukimaliza kusoma, mpe gazeti hili ndugu yako aliyekaa nyumbani akidhani ameanguka.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kongamano na warsha.
2. Mwanafunzi amepata C katika KCSE. Mshauri.
3. Taja kozi moja unayoitaka. Je, masomo yake manne unayasoma? Kama hujui, nenda kamwulize mwalimu leo, si kesho.