SOMO: SANDUKU LA GARI LINAPIMA INJINI AU LINAMPIMA DEREVA?



Somo la leo linahusu kisanduku ambacho waajiri wanakifunga katika malori na matrekta. Mkata miwa asiseme, "Hayo ni mambo ya madereva." Tajiri akizoea kuhesabu dakika za dereva, atatafuta namna ya kuhesabu na zako.

Kwanza tujue kinavyofanya kazi. Gari la siku hizi lina kompyuta ndogo inayoangalia injini. Ikiona kasoro huandika namba. P0301, kwa mfano, maana yake silinda ya kwanza haichomi mafuta sawasawa. Huko Marekani, tangu magari ya mwaka 1996, kila gari dogo jipya lazima liwe na tundu ambamo fundi huchomeka chombo chake na kuzisoma namba hizo. Baadaye yakaongezwa mambo mawili: laini ya simu, na chombo cha kupokea mawimbi ya setilaiti ili gari lijulikane liko wapi. Basi fundi akaweza kukaa ofisini na kusoma ugonjwa wa gari lililo maili mia mbali.

Faida yake ni ya kweli, sitaki kuwadanganya. Katika shamba moja la miwa ninakotumwa na chama, lori lilikuwa njiani usiku, joto la injini likapanda. Ofisi ikampigia dereva simu: simama. Akasimama. Fundi akaja na maji na paipu za rejeta, maana alikwisha kujua pa kuangalia. Zamani dereva yule na tandiboi wake wangelala porini, tena wangekatwa mshahara kwa ajili ya injini iliyokufa.

Miezi michache baadaye dereva huyo huyo akapewa barua ya onyo. Sanduku lilisema alisimama kando ya barabara dakika 40. Ni kweli alisimama. Tandiboi wake alishikwa na homa kali, akampeleka zahanati. Sanduku halikujua homa, lilijua dakika tu. Nilimwambia meneja, "Bwana, mlituambia chombo hiki ni cha kuokoa magari." Akajibu kwamba kila kinachotoka katika mali ya kampuni ni cha kampuni. Barua ilifutwa tulipoleta karatasi ya zahanati. Lakini sanduku bado lipo, na makubaliano ya maandishi hatuna.

Msidhani ni sisi maskini tu tunaofanyiwa hivi. General Motors ya Marekani ilianza huduma yake ya OnStar mwaka 1996: ukipata ajali au gari likikwama, unabonyeza kitufe na mtu anakujibu. Watu wakaipenda, na mimi ningeipenda. Mwaka 2024 magazeti ya huko yakafichua kwamba habari za uendeshaji, kama vile kufunga breki kwa ghafla, mwendo wa kasi na safari za usiku, zilikuwa zinapelekwa kwa makampuni yanayoyauzia mashirika ya bima habari za watu. Wenye magari wengine walipandishiwa bima bila kujua sababu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilitangaza hatua ya kuizuia kampuni hiyo, kwa miaka 5, isitoe habari za namna hiyo kwa wauza habari. Na hao walikuwa na gari lao wenyewe! Je, wewe unayeendesha la tajiri?

Waajiri husema huwezi kupata msaada bila kufuatwa saa zote. Si kweli. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 31 Machi 2018, aina mpya za magari madogo lazima ziwe na chombo kinachoita msaada kwa namba 112. Chombo hicho hulala. Huamka gari likigongwa vibaya au mtu akibonyeza kitufe, na hapo ndipo hupeleka mahali gari lilipo. Sheria yao inakataza kisitumike kulifuata gari kila siku.

Shirika la Kazi Duniani nalo lilitoa mwongozo mwaka 1997 juu ya habari za wafanyakazi. Hauifungi nchi kama sheria, lakini uwekeni mezani. Unasema mfanyakazi aambiwe mapema kama anaangaliwa, kwa nini na kwa njia gani. Wawakilishi wake waulizwe kabla chombo hakijafungwa. Na habari za mashine zisiwe kipimo pekee cha kazi yake. Hapa Uganda tunayo pia sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za mtu. Inataka habari zikusanywe kwa kusudi linalojulikana, nawe una haki ya kuuliza ni zipi zako zimewekwa. Ombi hilo liandikwe, msiombe kwa mdomo getini.

Maswali ya kujadili katika tawi:

Katika kazi yenu ni vyombo gani vimefungwa, na nani aliulizwa?

Fundi anahitaji kujua joto la injini. Je, anahitaji kujua lori lililala wapi? Nani anayeisoma habari hiyo, na anaiweka kwa muda gani?

Dereva akipewa onyo kwa neno la sanduku, nani atamsikiliza kwanza: meneja au kamati yenu? Majibu yenu yaleteni kwa maandishi kabla ya kikao cha mapatano.