Posho ya Familia: Nani Alipe, Nani Apokee, Nani Ahesabiwe?

Mjomba wangu na jirani yake ni makarani wa ofisi moja. Cheo kimoja, mshahara mmoja. Jirani anaishi peke yake. Mjomba ana mke, watoto wanne, bibi yangu aliyeko kijijini, na mimi ninayelala kwake nikisubiri bumu. Haki iko wapi hapo?

Wengi watasema: "Mwajiri amwongezee mwenye watoto." Subiri kwanza, tupige hesabu. Tuseme posho ni shilingi 20,000 kwa kila mtoto. Mwenye watoto wanne anamgharimu bosi 80,000 zaidi ya kapera. Nafasi ikitokea kesho, ataajiriwa nani? Kapera, bwana! Posho iliyokusudiwa kumsaidia mwenye familia imemfungia mlango.

Wafaransa waliiona hatari hiyo mapema. Mwaka 1916 Émile Romanet alianzisha posho ya watoto katika kiwanda cha Joya, mjini Grenoble. Mwaka 1918 waajiri wa huko wakaunda mfuko wa pamoja. Kila mwajiri alichangia kwa kadiri ya ukubwa wa kiwanda chake, si kwa idadi ya watoto wa wafanyakazi wake, na mfuko ndio uliolipa. Bosi hakuwa tena na sababu ya kumkwepa mzazi. Sheria ya 1932 ikawalazimisha waajiri wa viwanda na biashara kujiunga na mifuko ya namna hiyo.

Je, nani apokee? Nchini Uingereza, muswada wa 1945 ulitaka posho iwe ya baba. Mbunge Eleanor Rathbone, aliyeipigania posho hiyo kwa miaka mingi, akapinga pamoja na wenzake mpaka ikawa ya mama: shilingi 5 za huko kwa wiki kwa kila mtoto, kuanzia wa pili. Rathbone alifariki Januari 1946. Malipo ya kwanza yakatoka Agosti.

Lakini hao wote walihesabu watoto tu. Kwetu sisi mzigo ni mpana zaidi. Tukihesabu kila ndugu, mfuko utakauka na wategemezi hewa watajaa. Mimi ningehesabu wanaoishi na kula katika nyumba hiyo, serikali ya mtaa ithibitishe, na idadi iwe na kikomo.

Najua kwa kanuni hiyo mimi naingia, bibi anaachwa nje. Hilo linaniuma, na bado sijapata dawa yake. Mwanachuo mwenzangu, wewe ungechora mstari wapi?