Klopromazini na Kipindupindu: Dawa ya Maradhi ya Akili Ilipojaribiwa Tumboni

Mwezi Mei 2015 kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika jirani na mpaka wa Burundi, kilifurikwa na maelfu ya wakimbizi. Barabara ya gari haikuwapo. Waliohamishwa walipita majini, wengi wao kwa meli ya MV Liemba hadi Kigoma, ndipo wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilizuka. Kabla ya mwezi kwisha wagonjwa walikuwa wamefikia takriban 3,000, na vifo vilikuwa vimepita 30.

Mtu mzima aliyeshikwa vikali na ugonjwa huu aweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Ndiyo maana ndugu wa mgonjwa huuliza: je, hakuna dawa ya kuzuia kuhara huko mara moja? Wataalamu nao waliuliza, na jibu walilitafuta mahali pasipotarajiwa.

Klopromazini, ambayo wengi huijua kwa jina la Largactil, ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1950. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walionyesha kuwa inatuliza wagonjwa wa akili. Baadaye ilifahamika kwamba hufanya hivyo kwa kuziba vipokezi vya dopamini katika ubongo.

Kipindupindu hakihusiani na dopamini. Sumu ya bakteria wake huamsha kimeng'enya kilichomo katika seli za utumbo. Seli humwaga chumvi bila kukoma, na maji huifuata. Mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Sweden, akiwamo Jan Holmgren, waliona katika panya kwamba klopromazini hupunguza umwagaji huo. Dawa moja, basi, ina kazi zaidi ya ile iliyoipa jina. Mwaka 1979 G. H. Rabbani na wenzake walitangaza matokeo kutoka Dhaka, Bangladesh: wagonjwa waliopewa klopromazini walipoteza maji machache zaidi. Jaribio lililofuata, la mwaka 1982, kwa wagonjwa waliokuwa wakipewa maji kwa dripu, lilielekea huko huko.

Kwa nini basi haimo katika tiba ya kipindupindu? Klopromazini huleta usingizi, na anayesinzia hanywi. Tena hushusha shinikizo la damu, nalo katika mwili uliokauka limekwisha kushuka. Kupungua kwa kinyesi ndani ya ndoo si sawa na kupona kwa mgonjwa, na hapo ndipo majaribio mengi ya dawa kongwe hukwama: kipimo huwa sahihi, lakini hakipimi kile ambacho mgonjwa anakihitaji.

Mpinzani wake naye alikuwa hodari. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na sukari pale dripu zilipoisha. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Sukari hupenya utumbo pamoja na chumvi kwa njia ambayo sumu haikuiharibu, na maji huingia nyuma yake.

Kwa hiyo kwenye mialo ya Kigoma na Ujiji pakiti ya ORS, iliyokorogwa katika lita moja ya maji salama, huanza nyumbani na huendelea njiani, hata ndani ya mtumbwi. Aliyelegea au asiyeweza kunywa huhitaji dripu ya Ringa laktati: mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, kwa aliyetimiza mwaka mmoja na zaidi, 30 za kwanza huingia katika nusu saa, na 70 zinazobaki katika saa mbili na nusu. Klopromazini haitolewi kuzuia kutapika wala kuhara, hasa kwa watoto.

Liko kundi linalosahaulika: wanaoitumia klopromazini kila siku kwa maradhi ya akili. Mmoja wao akianza kuhara, ndugu amweleze mhudumu jina la dawa na saa iliyomezwa mara ya mwisho. Asiikatishe mwenyewe. Mhudumu atapima shinikizo la damu mapema na mara kwa mara, na hatauchukulia usingizi wa mgonjwa huyo kuwa ni wa dawa tu mpaka athibitishe kwamba mwili haujakauka.