Mla Samaki Si Adui wa Mvuvi

Huko Pwani, kwenye miamba ya matumbawe, papa huwinda samaki wengine. Wako wanaomwona kuwa mshindani wa mvuvi. Lakini mwindaji wa juu akitoweka, wale aliokuwa akiwala huongezeka, nao huwamaliza walio chini yao, hadi mambo yafike kwenye mwani. Sisi Nakuru hatuna papa. Tuna Ziwa Naivasha, na somo ni lilelile.

Karibu samaki wote tunaovua Naivasha waliletwa na watu. Mwindaji wao mkuu ni basi (si gari, ndilo jina lake), aliyetoka Marekani na kutiwa ziwani mwaka 1929. Mwaka 1970 akaletwa kamba wa maji baridi, asili yake Louisiana. Huyu anakula mimea ya majini. Alipozidi, alichangia kutoweka kwa mayungiyungi na mimea iliyoota chini ya maji, yaani maficho ya samaki wachanga.

Nani anamla kamba huyu? Basi. Watafiti waliochunguza matumbo ya basi wa Naivasha walikuta kamba ndiye chakula kikuu cha wale wakubwa. Basi mdogo hula zaidi wadudu, kwa sababu kamba mkubwa hamwezi. Kwa hiyo nyavu za macho madogo hutuumiza mara mbili: tunauza samaki kwa bei duni, na tunamwondoa mlinzi kabla hajaanza kazi.

Gharama yake tunaijua. Mwaka 2001 uvuvi ulisimamishwa kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno, na jamaa zilizotegemea ziwa zikakaa bila kipato. Karibu na wakati huohuo akaonekana samaki mwingine mgeni, karpi, ambaye baadaye alijaa nyavuni. Anauzika, ni kweli, lakini hula kwa kufukua matope. Maji yakichafuka, hata furukombe, yule tai wa kichwa cheupe anayewinda kwa macho kutoka mtini, hupata shida kuona windo.

Mvuvi, usitege kwenye mafunjo ya kando ya ziwa, maana huko ndiko samaki huzaliana na kukulia. Mnunuzi, kataa samaki wachanga hata wakiwa rahisi. Wala mtu yeyote asilete samaki mgeni ziwani bila idhini. Ukiona nyavu zisizoruhusiwa, toa taarifa kwa BMU ya ufuo wako au kwa afisa wa uvuvi aliye karibu.