Seva ya Hifadhidata katika Ukusanyaji wa Msamiati: Mfano wa Mponde

1.0 Utangulizi

Tuchukulie mtafiti anayekusanya istilahi za wakulima wa chai wa Mponde, Usambara Magharibi, kwa Kisambaa na Kiswahili. Makala haya yanaonyesha kwamba katika kuweka seva ya hifadhidata, baadhi ya uamuzi udhaniwao kuwa wa fundi ni wa mwanaisimu.

2.0 Uwekaji

Katika Ubuntu huandikwa amri tatu:

sudo locale-gen sw_TZ
sudo apt install postgresql
sudo -u postgres createdb -T template0 -E UTF8 -l sw_TZ msamiati

Ya kwanza huandaa kanuni za Kiswahili cha Tanzania. Ya pili huweka seva ya PostgreSQL. Ya tatu huunda hifadhidata "msamiati" kwa kanuni hizo. UTF8 huhifadhi pia alama za toni, ambazo Kisambaa huzihitaji. Ikitumika kanuni C, herufi kubwa zote hutangulia ndogo: "Mponde" huja kabla ya "chai". Kanuni ya hifadhidata haibadilishwi ikishaundwa. Hulazimu kuunda nyingine na kuhamisha data.

3.0 Ritifaa

SQL hufungua na kufunga matini kwa ritifaa. Hivyo 'ng'ombe' hukomea kwenye ng, na seva hukataa amri. Ritifaa ya ndani huandikwa mara mbili: 'ng''ombe'. Anayeifuta ili kukwepa usumbufu huligeuza neno: ng'oa, yaani kutoa kitu ardhini, huwa ngoa, yaani wivu.

4.0 Hitimisho

Kabla ya neno la kwanza kuingizwa, tahajia na mpangilio wa alfabeti viamuliwe na mwanaisimu.