Gia ya Pikipiki Iliyogumishwa Vibaya: Namna ya Kuitambua

Gia njema huwa ngumu kwa nje na stahimilivu kwa ndani. Kiwandani, chuma chenye kaboni kidogo hupashwa moto wa nyuzi 900 hivi za Selsiasi pamoja na kaboni, kisha hupozwa ghafla katika mafuta, ili ngozi yake ndiyo igumike. Mtumiaji wa Rahaleo, Mtwara, ambaye pikipiki ndiyo riziki yake, azingatie dalili hizi gia mpya inapoharibika mapema:

1. Meno kulika upesi: huenda ngozi ni laini. Kwanza hakikisha mafuta ya injini hayakupungua.
2. Meno kubanduka magamba: huenda ngozi ni nyembamba mno.
3. Jino kukatika ghafla bila kupinda: huenda chuma kimegumishwa hadi ndani.

Jaribio: fundi apitishe tupa kali ubavuni mwa gia iliyoharibika. Tupa ikiteleza, ngozi ni ngumu. Ikikwangua, ni laini.

Usitupe gia hiyo wala risiti. Huo ndio ushahidi wako mbele ya muuzaji na, akikataa kuwajibika, mbele ya Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango Tanzania.